Saa 210 za jikoni: hesabu ya sufuria ya mama wa Mutoshi

Mfuko wa unga wa kilo 25 hautimizi siku tisa katika nyumba ya watu saba. Kipimo ni kile cha Mpango wa Chakula Duniani: mgao kamili wa mtu mmoja, wenye kalori 2,100 kwa siku, huanza na gramu 400 za nafaka. Zidisha kwa saba upate kilo 2.8 kwa siku, kilo 84 kwa mwezi, na kwa mwaka tani moja na ziada. Mgao huohuo unadai maharage kilo 12.6 kwa mwezi, mafuta zaidi ya kilo 5, na chumvi kilo moja. Nyama haimo, samaki hayumo, hata mchicha haumo. Na watu saba si ukoo: utafiti wa kitaifa wa 2013–2014 ulikuta kila mwanamke wa Kongo akizaa kwa wastani watoto 6.6, hivyo baba, mama na watoto watano ni nyumba ya kawaida kabisa.

Mutoshi iko ubavuni mwa Kolwezi, makao makuu ya Lualaba, jimbo lililozaliwa 2015 Katanga ilipogawanywa. Zamani mgodi wake uliitwa Ruwe, na mwanzoni mwa karne iliyopita wazungu waliufuata kwa dhahabu kabla shaba haijatawala kila kitu. Siku hizi wanaufuata kwa kobalti. Mwaka 2024 Kongo ilitoa karibu robo tatu ya kobalti yote ya dunia, na zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Namba hizo huandikwa kila wiki na watu wanaolipwa kuziandika. Namba za sufuria hazina mwandishi, kwa hiyo nimezifanya mwenyewe, kwa vipimo vinavyojulikana, kwa mama mmoja wa mfano ambaye jirani zake wangemtambua: mume anapata kibarua akibahatika, watoto ni watano, na yeye anauza kitu kidogo sokoni au anaosha mawe ya madini, mara nyingine vyote viwili kwa wiki moja.

Mama huyu hanunui mfuko. Hela ya mfuko mzima haimkai mkononi siku moja. Ananunua kwa meka, kopo ambalo muuzaji hulijaza mpaka unga ukasimama juu kama kichuguu, kisha kabla ya kumimina ama anapitisha kiganja kusawazisha, ama hapitishi. Biashara yote iko kwenye kiganja hicho. Kikifuta gramu 50 tu kila siku, mwisho wa mwezi kimefuta kilo moja na nusu, yaani zaidi ya nusu siku ya bukari (ugali) kwa nyumba nzima. Ndiyo maana mama mwenye akili hazunguki soko kutafuta bei ya chini, kwa kuwa bei hufanana. Anatafuta mkono mwepesi, akiupata anakuwa mteja wa muuzaji huyo kwa miaka, na anamwita dada hata kama hawana undugu wowote.

Bei yenyewe hupangwa mbali. Katanga ya mashimo imekula mahindi ya Zambia tangu zamani, na kutoka Kolwezi hadi mpaka wa Kasumbalesa ni mwendo wa takribani kilomita 400. Tarehe 29 Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa: hekta milioni moja za mahindi ziliharibika kati ya milioni 2.2 zilizopandwa. Agosti mwaka huohuo Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache, kisa mzozo wa kibiashara uliohusu bia na vinywaji baridi. Kwa mama wetu kanuni ni moja tu, na haibadiliki na habari: kila faranga 1,000 inayopanda kwenye mfuko wa kilo 25 inamwongezea faranga 3,360 kwa mwezi. Bia za wengine, unga wake.

Sasa upande wa mapato. Mwaka 2018 serikali iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa faranga 7,075 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni faranga 183,950. Miaka ikapita, faranga ikashuka, na mwanzoni mwa 2025, dola ilipokuwa karibu faranga 2,850, mshahara huo wa mwezi mzima ulikuwa umeshuka hadi karibu dola 65. Ndipo mwaka 2025 kima kikapandishwa hadi 14,500, na ikaamriwa kiwe 21,500 kuanzia Januari 2026, yaani faranga 559,000 kwa mwezi. Ni hatua kubwa kwenye karatasi, kwa mwenye mwajiri. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza na wanasheria wa CAJJ wa Kolwezi walipiga hesabu ya kiasi cha kuishi kwa heshima mjini humo wakapata dola 402 kwa mwezi. Kile kima cha zamani, kwa thamani yake ya mwanzo wa 2025, kilikuwa chini ya sehemu moja ya sita ya kiasi hicho.

Wapo wazee Kolwezi ambao hawakuwahi kujua bei ya unga. Unga ulikuja. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilipoona hasara ya kuleta vijana wa kazi na kuwarudisha vijijini kila mara, ilibadili mwendo kuanzia miaka ya 1920: mfanyakazi aje na mke, akae kambini, azae. Posho ya chakula ikatolewa kwa mume, kwa mke na kwa kila mtoto, na karani aliandika midomo kwenye daftari kama alivyoandika magari. Tusidanganyane, haukuwa upendo. Kampuni ilihitaji misuli ya mwaka ule na ya miaka 20 mbele. Lakini gharama ya sufuria ilikuwa na mlipaji anayejulikana. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuwa Gécamines, desturi ya mfuko wa unga wa kila mwezi haikufa nayo. Wanawake walikuwa na vituo vyao vya jamii, wakifundishwa kushona na kupika kwa namna ambayo kampuni iliiona ya kisasa, kana kwamba mama zao hawakuwahi kuwapikia kitu.

Hapohapo Kolwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Placide Tempels, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianza kukaa na wanandoa wa kambi za migodi kuzungumzia maisha ya mume na mke. Vuguvugu lililotokea likaitwa Jamaa, likaenea Katanga nzima, na wafuasi wake wakaitana baba na mama. Nalitaja kwa sababu wageni wengi hudhani mji wa madini ni mji wa wanaume walevi na mashimo. Kolwezi ni mji uliojengwa juu ya ndoa na sufuria, kwa makusudi, na kampuni na kanisa.

Kisha mlipaji akaondoka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na baada yake kampuni yenyewe. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa ameshatoa kitabu mwaka 2001 ambacho jina lake linawataja watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo, kwa sehemu kubwa, ni kampuni. Mama alibaki. Akapanga nyanya mlangoni, akauza makala (mkaa), akakaanga mikate, akaenda mtoni na mawe. Leo nchi inatoa shaba zaidi ya mara sita ya ile ya enzi za Gécamines, na daftari la midomo halipo kwenye ofisi yoyote. Analo yeye kichwani.

Mutoshi yenyewe ilipata nafasi ya kujaribu kitu kingine. Kuanzia 2018 kampuni ya Chemaf, mfanyabiashara wa madini Trafigura na shirika la Pact walifungua eneo lenye uzio kwa wachimbaji wadogo wa ushirika wa COMIAKOL. Mashine ziliondoa udongo wa juu, mlango ukawa na walinzi, na wachimbaji walifika kama 5,000. Wanawake, ambao mashimoni walisemwa kuwa wanaleta nuksi, wakaruhusiwa kufanya kazi. Wajawazito na walio chini ya miaka 18 hawakupita mlangoni. Sharti zuri, ila tulitazame kutoka jikoni: mama anayenyonyesha hakuweza kuingia na mtoto mgongoni, kwa hiyo mtoto alibaki nyumbani, na akibaki lazima abaki na mtu. Machi 2020, korona ilipoingia, mradi ukasimamishwa. Ulidumu miaka miwili na kidogo.

Tuingie basi jikoni kwenyewe, maana hesabu ya unga na mshahara ndiyo nyepesi.

Maji kwanza. Vipimo vya kimataifa vya misaada ya dharura vinataka lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi. Watu saba ni lita 105, bidoni tano za lita 20 na robo. Lita moja ina kilo moja, kwa hiyo mama huyu anahamisha zaidi ya kilo 100 za maji kila siku, tani 3 kwa mwezi, tani 38 kwa mwaka. Umoja wa Mataifa huita huduma ya maji ya msingi ile ambayo kwenda, foleni na kurudi havizidi dakika 30. Tumpe mama wetu bahati hiyo ya dakika 30, ambayo si wote wanayo. Safari sita ni saa tatu. Akienda na binti mwenye bidoni yake, safari zinakuwa tatu na saa moja na nusu. Hapa ndipo mapenzi ya nyumbani yanapopata bei: kila saa na nusu anayookoa mama, binti ameilipa. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bila ada tangu Septemba 2019. Bidoni haikufutiwa ada.

Kisha moto. Nyumba nyingi hupika kwa makala kwenye mbabula, jiko la mkaa. Tanuru la udongo la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za mti kutoa kilo moja ya makala, kwa hiyo nyumba inayowasha kilo moja tu kwa siku imechoma kati ya kilo 150 na 300 za miti ya miombo kwa mwezi. Hakuna anayeiona, kwa kuwa magunia huingia mjini juu ya baiskeli yakiwa tayari meusi.

Chukua sombe, mboga ambayo mgeni akiikuta mezani anaidhani ya bei rahisi. Sokoni ni rahisi kweli; majani ya muhogo hayajawahi kumfilisi mtu. Lakini majani yale huchambuliwa vikonyo kimoja kimoja, huingia kinuni, na mchi hupanda na kushuka mpaka yanageuka ujiuji wa kijani unaoshika kwenye vidole. Sufuria inabandikwa bila kifuniko, kwa sababu muhogo una sumu yake ya asili na sumu hiyo hutoka na mvuke. Inachemka saa nzima, inachemka nyingine. Ndipo mawese, kitunguu, karanga zilizosagwa au samaki wadogo wa ndakala wakipatikana, na moto unapunguzwa kwa kusogeza makala pembeni kwa vidole ambavyo havisikii tena joto. Bukari yenyewe haichukui hata nusu saa: maji, unga, mwiko, mkono wa kushoto ukishikilia sufuria kwa kitambaa. Kwa hiyo mlo wa faranga chache umebeba makala ya saa mbili na nusu na mikono ya saa tatu. Maharage ni hadithi ileile, isipokuwa mama akikumbuka kuyaloweka usiku, na aliyerudi saa moja jioni hukumbuka akiwa kitandani.

Ukikata mlo mmoja, unapunguza unga, makala na maji kwa mpigo mmoja. Hakuna gharama nyingine anayoweza kuikata mama ikampa nafuu ya mara tatu hivyo, na ndiyo maana ndiyo anayoikata kwanza. Machi 2024 mashirika ya RAID na AFREWATCH yalitoa ripoti juu ya watu wanaoishi jirani na migodi mikubwa ya kobalti ya Lualaba. Kati ya waliohojiwa, asilimia 59 walisema wamebaki na mlo mmoja kwa siku, na wengi walilalamikia maji yaliyochafuka na mashamba yasiyozaa. Mlo mmoja maana yake ni wa jioni, na jioni watu wote wako nyumbani. Kwa uchungu wake, njaa imeirudisha familia kwenye sinia moja kwa wakati mmoja. Sisemi hivyo kuipamba. Ukiona watoto watano wamezunguka bukari, na mkubwa anamega polepole ili mdogo ashibe, umeona malezi, na umeona pia kwamba hakuna aliyekula tangu jana usiku.

Tujumlishe. Maji saa tatu. Mapishi saa tatu. Soko, kuwasha mbabula na kuosha vyombo, saa moja, na hiyo ni kwa mama mwepesi. Saa saba kwa siku, na jikoni hakuna Jumapili, kwa hiyo mara 30: saa 210 kwa mwezi. Mfanyakazi wa kima cha chini, saa nane kwa siku 26, anafanya saa 208. Mama wetu amemaliza ajira nzima ya mwezi, na saa mbili za ziada, kabla hajauza nyanya moja wala kuosha jiwe moja. Zilipwe kwa kima kile cha 21,500 kwa siku na zinapita faranga 564,000. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba wanawake hubeba asilimia 76.2 ya kazi za nyumbani zisizolipwa duniani, saa nne na dakika 25 kwa siku, wanaume saa moja na dakika 23. Kwa wastani huo wa dunia, mama wa Mutoshi anazidisha saa mbili na nusu, na karibu zote ziko kwenye maji na moto.

Nayasisitiza maji na moto kwa sababu ndiyo sehemu ya bili inayofutika. Kutwanga sombe, kuonja chumvi, kukaa na watoto karibu na jiko huku mmoja akisoma na mwingine akichambua maharage, hizo ni saa ambazo akina mama wengi wasingeziuza hata ungewaletea mpishi. Kubeba tani tatu za maji si upendo. Hakuna mtoto anayemkumbuka mama yake kwa bidoni.

Na umeme? Mto Lualaba, pale karibu na Kolwezi, ulizibwa mara mbili miaka ya 1950. Bwawa la Nzilo lina megawati 108, la Nseke karibu 250. Zaidi ya hayo, tangu 1982 kuna waya kutoka mabwawa ya Inga, kilomita 1,700 hivi, uliopita juu ya vijiji visivyo na taa kwenda kulisha migodi. Jiko dogo la umeme linakula kilowati moja. Kwa uwezo wake kamili, Nseke peke yake ingewasha karibu majiko 250,000 kwa wakati mmoja. Tuseme Kolwezi ina watu nusu milioni; kwa nyumba za watu saba hizo ni nyumba 71,000. Bwawa moja lingepikia mji wote zaidi ya mara tatu. Najua kwamba umeme ule una wenyewe na mashine za kusaga mawe hazilali. Ninachosema ni kwamba tatizo si uhaba wa mto.

Fedha nazo zipo kisheria. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka za mahali madini yanapotoka, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Asilimia 0.3 inasikika ndogo, lakini kampuni ikiuza madini ya dola bilioni moja kwa mwaka, hiyo ni dola milioni 3. Sheria inataka pia kampuni ikae na wakazi waandikiane daftari la majukumu, na ndani yake huingia shule, zahanati, madaraja, mara nyingine uwanja wa mpira.

Kwa hiyo ombi ni moja, na linawahusu viongozi wa manispaa za Kolwezi, Dilala na Manika, kamati zinazosimamia ile asilimia 0.3, na wanaume wanaokwenda kwenye vikao hivyo kwa niaba ya mitaa yao. Kabla ya uwanja, wekeni bomba lisilozidi dakika tano kutoka mlangoni. Kwa kipimo kilekile cha safari sita kwa siku, dakika 30 zikiwa tano, saa tatu zinakuwa nusu saa, na mama anarudishiwa saa 75 kila mwezi bila kupandishiwa mtu yeyote mshahara. Na kikao kikifanyika, kisiwekwe saa kumi na moja jioni. Saa hiyo wenye hesabu wako mbabulani.